Samaki ndani ya kioo: namna ya kumpiga picha kwa simu akaonekana

Kwa redio iliyo mbali na bahari, tunapokea picha nyingi za samaki kuliko mtu angedhani. Wengi wanaozituma ni wafugaji wa mabwawa, wa Ndanda, wa bonde la Lukuledi na wa kando ya Ruvuma, wanaouliza samaki wao wamepatwa na nini. Wachache ni wasikilizaji wa Masasi mjini na Newala waliokwenda kumtembelea ndugu Mtwara au Dar es Salaam, wakakuta sebuleni tangi la kioo lenye samaki wa baharini wa kila rangi, wakapiga picha, kisha wakashangaa kwamba walichokiona kwa macho hakimo ndani ya simu. Maswali yanaonekana mawili, lakini jibu lake ni moja, kwa sababu shida yote imo katika kioo, maji na mwanga.

Picha hizo zinafanana sana. Katikati kuna doa jeupe la flashi kama mwezi mpevu. Pembeni kuna uso wa mpigaji mwenyewe na shati lake la njano. Nyuma ya hayo yote kuna kivuli cha kijani ambacho tunaambiwa ni perege. Afisa uvuvi akitumiwa picha ya namna hiyo hana la kusema. Atauliza maswali, ataahidi kuja akipata usafiri, na wakati huo bwawa halimsubiri.

Kwa mfugaji hili si jambo la mapambo. Mwishoni mwa mwaka 2006 wavuvi wa mto Chobe, unaoingia Zambezi, walianza kuona samaki wenye vidonda vyekundu vilivyokula hadi nyama. Mwaka 2007 ilithibitishwa kuwa ni ugonjwa wa vidonda vya samaki unaoletwa na kimelea kinachofanana na ukungu, ambao kabla ya hapo haukuwa umeonekana katika sehemu hii ya Afrika. Walioona kwanza walikuwa watu wenye nyavu mikononi. Samaki mgonjwa akitupwa au akipikwa, ushahidi umekwisha. Akipigwa picha inayosomeka, mtaalamu aliyeko Mtwara, Lindi au Songea anaweza kusema siku hiyohiyo kama kuna haja ya kuchukua sampuli.

Na kumtambua samaki kwa mbali si jambo la jana. Desemba 1938, huko East London, Afrika Kusini, mtunza makumbusho aliyeitwa Marjorie Courtenay-Latimer aliletewa samaki wa buluu asiyemjua, mwenye mapezi kama miguu minene. Ilikuwa majira ya joto, na hapakuwa na barafu ya kumtosha samaki wa urefu wa mtu. Akachora mchoro kwa kalamu na kuutuma kwa barua kwa profesa J.L.B. Smith. Barua ilifika mwanzoni mwa Januari 1939. Profesa alipofika mwenyewe, Februari, matumbo na nyama vilikwishatupwa na imebaki ngozi iliyojazwa. Lakini mchoro ulikuwa umetosha: ulionyesha mapezi, magamba na mkia wenye ncha ya tatu katikati. Ndivyo ulimwengu ulivyojua kwamba silikanti, aliyedhaniwa kutoweka tangu enzi za mijusi wakubwa, bado anaishi. Mwaka 2003 wa kwanza kuthibitishwa Tanzania akavuliwa Songo Mnara, Kilwa. Mchoro ule haukuwa mzuri wa kutundikwa ukutani. Ulikuwa na vitu vinavyohitajika, basi.

Kwa nini kioo kinakuonyesha wewe

Simama usiku ndani ya chumba chenye taa, mbele ya dirisha la kioo. Huoni nje, unajiona mwenyewe. Zima taa, na nje kunaonekana. Kioo kilichotazamwa moja kwa moja hurudisha takriban sehemu 4 kati ya kila 100 za mwanga unaokipiga. Ni kidogo, lakini kama wewe uko juani na samaki yuko gizani, sehemu hizo 4 zinatosha kumfunika. Kwa hiyo kanuni ya kwanza haina gharama yoyote: samaki awe kwenye mwanga, wewe uwe kwenye giza.

Flashi ya simu inafanya kinyume kabisa. Iko kando ya kamera, inapiga kioo, inarudi moja kwa moja machoni pa kamera, na njiani inawasha kila punje ya tope iliyo majini. Izime. Usiiweke kwenye hali ya kujiwasha yenyewe, izime kabisa.

Kisha vaa nguo nyeusi, au bora zaidi, tafuta kaniki. Kipande cha kaniki chenye tundu dogo la kamera, kikiwa kimening'inizwa kati yako na tangi, kinafanya kazi ambayo wapiga picha wa mjini hununulia kifaa cha mpira cha bei kubwa. Kadibodi iliyopakwa masizi nayo inafaa. Tuna maoni yetu hapa: kati ya mbinu zote zilizomo katika makala haya, kama utachagua moja tu, chagua hiyo ya kaniki.

Jambo la pili ni kuielekeza simu sawasawa na kioo, isiinamie upande wala isitazame kutoka juu kwa mshazari. Mwanga unapotoka majini kuingia hewani hupinda. Ndiyo sababu fimbo uliyoichovya kisimani huonekana imevunjika, na ndiyo sababu samaki huonekana yuko karibu kuliko alipo: akiwa sentimita 20 nyuma ya kioo, macho yako yanamwona kama yuko sentimita 15. Ukitazama moja kwa moja, kupinda huko hakuna madhara. Ukitazama kwa mshazari, picha inapakaa na kingo za samaki zinapata upinde wa rangi. Chupa ya maji iliyokatwa haifai kwa sababu hiyohiyo, maana imeviringana, na samaki atatoka mnene kuliko alivyo.

Tangi dogo la kupigia picha

Mfugaji hahitaji tangi la kufugia, anahitaji la kupigia picha tu. Fundi wa madirisha ya alumini wa Masasi au Newala anaweza kukukatia vipande vya kioo vilivyobaki na kuvigandisha kwa silikoni. Vipimo vya urefu sentimita 30, kimo 20 na upana 10 vinatosha. Likijaa linabeba lita 6. Mwambie fundi atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, na uliache likauke hadi harufu kama ya siki iishe kabisa, ndipo uliweke maji. Wembamba wa sentimita 10 ndio siri yenyewe, kwa kuwa samaki hana pa kukimbilia nyuma, na anabaki ubavu wake ukiwa umekuelekea. Kambale mkubwa hataingia humo, huyo mpige akiwa kwenye beseni.

Tumia maji ya bwawani mwake, yaliyochujwa kwa kitambaa safi mara mbili au tatu. Usitumie maji ya bomba, kwa sababu yaliyotiwa klorini yanaunguza matamvua. Lowesha mikono kabla ya kumshika samaki, maana mkono mkavu unabandua ute unaomlinda ngozi. Umwache humo dakika tano, si zaidi, hasa wakati wa joto. Maji kidogo yenye joto yanaishiwa hewa upesi, na samaki anayehema kwa sababu ya tangi lako atamdanganya afisa kwamba anahema kwa ugonjwa.

Weka tangi kwenye ukingo wa baraza, mahali jua la saa tatu au saa nne asubuhi linapoangukia maji kutoka juu, wewe ukiwa ndani kwenye kivuli. Samaki ameumbwa kupokea mwanga kutoka juu: mgongo wake ni mweusi na tumbo jeupe. Nyuma ya tangi simamisha kadibodi isiyo na maandishi. Kama unatafuta madoa meupe au ukungu kama pamba, iwe nyeusi. Kama ni vidonda vyekundu, iwe ya rangi hafifu.

Sasa simu. Pangusa kamera kwanza. Msimu wa kupuliza mikorosho, vumbi la salfa linaingia mfukoni pamoja na mkulima, na picha yenye ukungu mweupe mara nyingi haina kosa lingine. Simu nyingi haziwezi kuona vizuri kitu kilicho karibu kuliko kama sentimita 10, kwa hiyo usiibandike kwenye tangi jembamba. Rudi nyuma kidogo, kaniki ikiziba nafasi iliyo katikati. Usivute picha kwa vidole, kwa kuwa simu nyingi za bei nafuu zikivutwa hukuza tu punje zilezile. Piga samaki akiwa mdogo kwenye skrini kisha ukate picha baadaye. Gusa skrini juu ya jicho la samaki ili fokasi ishike hapo. Kwenye simu nyingi ukibonyeza bila kuachia, fokasi inafungwa na kinatokea kijiti cha kupunguza mwanga. Kipunguze kidogo, maana magamba ya perege yanang'aa kama bati jipya, na yakiungua kwenye picha hakuna namna ya kuyarudisha.

Samaki hatulii, na hapa hesabu ndogo inasaidia. Samaki anayeogelea taratibu, sentimita 10 kwa sekunde, akipigwa na simu iliyofungua jicho lake kwa sehemu moja ya 30 ya sekunde, anasogea zaidi ya milimita 3 kabla jicho halijafumba. Magamba yake yote yamepotea. Jicho likifunguka kwa sehemu moja ya 250, anasogea chini ya nusu ya milimita. Simu inachagua yenyewe, na inachagua haraka pale tu inapopata mwanga mwingi. Kwa hiyo mwanga zaidi ndio dawa ya picha iliyopakaa, hata kama mkono wako umetulia kama jiwe. Kisha bonyeza kitufe bila kuachia ili simu ipige mfululizo. Kati ya picha 30, moja itakuwa nzuri. Futa zingine.

Tangi la bahari

Tangi la samaki wa baharini lina mambo yake. Wasikilizaji wameuliza kama linaweza kuwekwa Newala. Huku juu ambako maji yenyewe hupandishwa kwa pampu kutoka Mitema, na ndoo ina bei yake, tunaona ni anasa nzito. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, yaani kilo tatu na nusu kwa tangi la lita 100. Chumvi ya jikoni haifai, kwa sababu bahari ina pia magnesiamu, kalisi na vingine vingi vilivyopungua au kuondolewa chumvi ilipokuwa ikitengenezwa. Tena maji yakipungua kwa joto, chumvi inabaki, na mwenye tangi analazimika kuongeza maji matamu kila siku au samaki wake wanaishi kwenye brini.

Ukilikuta kwa mwenyeji wako, jambo la kwanza ni kumwomba ruhusa ya kufuta kioo kwa nje. Matone ya maji ya bahari yanaacha ukoko mweupe, na kamera inaufokasi ukoko badala ya samaki. Futa kwa kitambaa chenye maji matamu, wala usipulize dawa ya vioo karibu na maji. Mikono yenye maji ya chumvi usiishikie simu, kwani tundu la chaji ndilo linaloanza kuoza.

La pili ni taa ya buluu. Wafugaji wa matumbawe huwasha taa za buluu kwa sababu ndani ya tumbawe huishi mwani mdogo sana unaolilisha, na mwani huo hupenda mwanga wa buluu unaofika chini baharini. Jicho la mtu linazoea baada ya muda. Simu haizoei, inatoa picha ya zambarau tupu ambamo samaki mwenye mistari ya rangi ya chungwa na myeupe amekuwa mweusi na buluu. Mwombe mwenyeji awashe taa nyeupe kwa dakika chache na azime feni na taa za chumbani. Kama taa nyeupe hakuna, karatasi angavu ya plastiki ya rangi ya manjano iliyoiva, ile ya kufungia zawadi, ikiwekwa mbele ya kamera inapunguza buluu kwa kiasi kikubwa.

Ukiona michirizi myeusi inayopita kwenye picha, simu yako haijaharibika. Umeme wetu unakamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za bei nafuu zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Tumia mwanga wa dirishani, au taa nyingine.

Na samaki hao usiwafuate baharini kwa mikono yako. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Mdomo wa Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, iko hapohapo Mtwara, na kung'oa tumbawe ili kupamba sebule ni kosa. Pwani ya Kenya kuna biashara ya miaka mingi ya kuvua samaki wa mapambo na kuwasafirisha wakiwa hai, lakini hiyo ni kazi ya leseni.

Samaki wa madimbwi aliyepewa jina la Wamakonde

Kuna samaki wengine wa mapambo ambao watu wa Ulaya na Marekani huwafuga kwenye matangi na kuwapiga picha kwa bidii kubwa, nao hawatoki baharini. Wanatoka kwenye madimbwi ya msimu ya kusini na mashariki mwa Afrika, Tanzania ikiwa kati ya nchi zenye aina nyingi kuliko zote. Wataalamu huwaita Nothobranchius. Ni wadogo kama kidole. Dume ana rangi kali ya nyekundu au buluu, jike ni wa kijivu tu. Dimbwi likikauka wote wanakufa, ila mayai yao yanabaki kwenye tope kavu hadi mvua inayofuata, yanaanguliwa, na mzunguko unaanza upya. Aina mojawapo iliyochunguzwa Msumbiji hukomaa katika siku 14 tu. Mwaka 2009 aina moja ya kaskazini mashariki mwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, ilipewa jina Nothobranchius makondorum, kwa heshima ya Wamakonde.

Wanaowatafuta hubeba tangi dogo jembamba kama lile tulilolieleza, wanampiga picha samaki palepale kando ya barabara, kwa sababu rangi ya dume hufifia akitiwa kwenye ndoo na kusumbuliwa. Aina nyingi ziko hatarini, kwa kuwa dimbwi moja likifukiwa kwa barabara au kulimwa mpunga kwa dawa, huenda ndiyo makazi yote ya aina hiyo yamekwenda. Msikilizaji wa tambarare za chini anayeona samaki wenye rangi kwenye dimbwi la masika anaweza kupiga picha ya dume kwa ubavu, picha ya jike, na picha ya dimbwi lenyewe, kisha awarudishe. Hiyo ni kumbukumbu yenye thamani hata bila kumchukua samaki.

Aliyekufa na anayekufa

Samaki akiwa amekufa, mpige mapema, kabla jicho halijaingia ukungu. Mtaalamu mkubwa wa samaki wa matumbawe, John E. Randall, alieleza mwaka 1961 mbinu yake ya kuyatandaza mapezi ya samaki kwa pini na kuyapaka formalini ili yakauke yakiwa yamefunguka. Pini unaweza kuziiga kwenye kipande cha sponji cha godoro. Formalini iache, ni sumu.

Kwa afisa uvuvi piga picha nne. Ya kwanza samaki mzima kwa ubavu, kichwa kikitazama kushoto, rula au kiberiti kikiwa kando kuonyesha ukubwa. Ya pili kidonda au doa kwa karibu. Ya tatu matamvua baada ya kufunua shavu la samaki aliyekufa muda huohuo: ya samaki mwenye afya ni mekundu, yakiwa meupe au ya kahawia hiyo ni habari tosha. Ya nne ni bwawa lenyewe, na kama samaki wanapanda juu kuhema, piga alfajiri. Mara nyingi samaki wanaokufa alfajiri hawana ugonjwa, wamekosa oksijeni, kwa sababu mwani uliowapa hewa mchana huitumia usiku. Huyo anahitaji maji mapya na kupunguziwa chakula, hahitaji dawa.

Samaki mgonjwa asirudishwe bwawani. Maji ya tangi yamwage mbali na bwawa lolote, na chandarua cha kuvulia kianikwe juani hadi kikauke kabisa kabla ya kuhamia bwawa jingine.

Mwisho ni kutuma. WhatsApp huifinya picha ili iende haraka, na kinachofinywa kwanza ni yale madoa madogo unayotaka yaonekane. Badala ya kuituma kama picha, itume kama faili au dokumenti. Itakula bando zaidi, labda megabaiti 3 au 4 kwa picha, kwa hiyo tuma nne hizo tu. Ambatanisha maandishi: kijiji, tarehe, aina ya samaki na vifaranga vilikotoka, ukubwa wa bwawa, wangapi wamekufa na tangu lini, chakula unachowapa, na kama kuna shamba lililopuliziwa dawa upande wa juu wa bwawa. Peleka kwanza kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako, ya Masasi au ya Newala. Vituo vya Serikali vya ukuzaji wa viumbe maji vilivyo upande wetu wa nchi ni Nyengedi na Machinga mkoani Lindi, na Ruhila huko Songea.